Siku Matusi Yalipokoma

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka suruali ya kumkaa vizuri pale Korogwe alielekezwa kwenye baraza ya duka la Mhindi, karibu na stesheni, akamtafute Fundi Muhidini Mdoe. Alikuwa Mzigua wa Kwamndolwa, mfupi, mwenye bega moja lililoshuka kuliko jingine. Wateja wageni walidhani bega hilo liliharibiwa na cherehani. Wazee wenzake walijua kuwa liliharibiwa na masanduku ya risasi ya Mjerumani, na walijua pia kwamba si busara kumwuliza mtu habari za namna hiyo wakati anakupima kiuno na pini ziko mdomoni mwake.

Vita vile hakupenda kuvisimulia. Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: mtu akitamka mbele yake kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapo alisimamisha mguu kwenye pedali na kumtazama msemaji juu ya miwani.

"Nyasi huumia zimekaa mahali pake," alisema. "Sisi tuliumia tukiwa tumewabebea tembo mizigo yao."

Basi. Baada ya hapo cherehani iliendelea, na aliyetaka zaidi alikwenda kuyatafuta kwingine.

Wakati ule wa Mjerumani, Muhidini alikuwa kijana anayejifunza ushonaji katika shamba moja la mkonge upande wa Mazinde. Mwenye shamba alikuwa Mjerumani, na wafanyakazi walimwita Bwana Kidevu kwa sababu ya ndevu zake. Jirani yake alikuwa Mwingereza mwenye shamba la mpira, aliyependa kupiga mluzi, nao wakamwita Bwana Filimbi. Kila Jumapili wazungu hao wawili walikula pamoja na kutukanana. Kidevu alisema mfalme wake anaunda manowari mpya, kubwa mno. Filimbi alisema wa kwao huunda mbili kila mwenzake anapounda moja. Kidevu alimwambia Filimbi kuwa Waingereza hupika nyama kama wanafua nguo, na Filimbi alimjibu kuwa Wajerumani huandika amri hata ya kupiga chafya. Wakacheka mpaka nyuso zikawa nyekundu. Mpishi, aliyesikia kila kitu, alimnong'oneza Muhidini kwamba hao wafalme wenyewe wanaogombania manowari walikuwa wajukuu wa bibi mmoja. Muhidini hakuamini. Aliona haiwezekani watu wa titi moja waandaliane mizinga.

Kisha mzaha ukapungua. Kidevu alimwagiza Muhidini bendera ya kupandisha siku ya kuzaliwa kwa Kaiza wake, kubwa kuliko ya mwaka uliopita. Filimbi naye alipoiona akataka yake, ya mfalme wake, na Muhidini akashona zote mbili kwa furaha ya mwanafunzi anayepewa kazi ya maana. Wale mabwana waliendelea kula pamoja, ila sasa walivuliana kofia, wakaulizana hali, wakashukuriana kwa chumvi. Mpishi alisema wamekuwa waungwana. Miezi haikuwa mingi, mtu mkubwa mmoja akauawa katika mji wa mbali ambao hata Kidevu hakuwahi kuutaja, na kwa sababu yake Bwana Filimbi alikamatwa nyumbani kwake na askari wa jirani yake na kupelekwa asikojulikana.

Muhidini akatwikwa masanduku. Alibeba mpaka bega likashuka. Waingereza walipokuja kwa njia ya reli, wakaichukua Korogwe, kisha Handeni, nao walitaka wabebaji, wakamchukua Mwinshehe, mdogo wake Muhidini, wakimtoa shambani akipalilia mahindi. Ndugu hao wakapita njia moja ya kusini ya Handeni, mmoja mbele na Mjerumani anayekimbia, mmoja nyuma na Mwingereza anayefukuza, kila mmoja amejitwika risasi za kumwulia mwenzake. Mwinshehe alikufa kwa kuhara kando ya njia. Aliyemletea Muhidini habari, vita vilipokwisha, hakuweza hata kukumbuka ni mti gani waliomlaza chini yake.

Hilo ndilo lililokuwa begani mwa Fundi Muhidini. Sasa cha kushangaza, au labda si cha kushangaza kwa anayewajua watu, ni kwamba waliorudi kutoka vita vile walivicheza. Walirudi wakijua kupiga saluti na kwenda kwa hatua, wakaanzisha ngoma ya beni: tarumbeta za shaba na za vibuyu, kofia za kijeshi, bunduki za kuchonga, na vyeo. Kwamndolwa, kwa wakulima wenyeji, kulikuwa na chama kilichoitwa Mzinga. Kambini, kwenye nyumba za wakata mkonge waliotoka bara, kulikuwa na Manowari. Wapagazi waliorudi hai wakawa makaptini na majenerali, na wana wao wakarithi vyeo hivyo pamoja na majembe. Sare za pande zote mbili zilishonwa na mtu mmoja. Watu walimtania kuwa yeye ndiye serikali, kwa kuwa hakuna jenerali aliyeweza kupanda cheo bila kupimwa naye kwanza.

Aliona ni mchezo, na kwa muda mrefu ulikuwa mchezo kweli. Bunduki zilichongwa kwa mlingoti wa mkonge, mwepesi, ambao ukimpiga nao mtu unavunjika wenyewe.

Katika Mzinga, kaptini alikuwa Mhina, mwanawe wa pekee wa kiume. Katika Manowari, jenerali alikuwa Athuman, kijana wa kambini, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja kukata mkonge asirudi tena Tabora. Athuman alimwoa Zamda, binti wa Muhidini. Kwa hiyo vijana hao wawili walikuwa watani mara mbili: mmoja Mzigua na mwingine Mnyamwezi, halafu tena ni mtu na shemeji yake. Siku ya harusi Mhina alivificha viatu vya bwana harusi, na Athuman akafungishwa ndoa miguu mitupu. Athuman akalipa kisasi kwa kuianua kanzu ya Mhina kwenye kamba na kutembea nayo mwezi mzima, na Mhina hakuwa na la kufanya, maana alichochukua mtani hakijaibiwa.

Kila Jumapili walikutana nyumbani kwa Muhidini, na hapo masikio ya mzee yalikuwa na kazi. Mhina angemwona shemeji yake mlangoni na kumwambia ashushe mzigo akae, au Wanyamwezi siku hizi hulala nao kichwani? Athuman angejibu kuwa atashusha vipi, hali kwa Wazigua njaa ni kali hata kunguru akiruka juu ya Handeni hubeba chakula chake mwenyewe. Ingekwenda hivyo mpaka chai ipoe. Muhidini, kama baba mkwe, hakuruhusiwa kuingia katika utani huo. Alikaa kando na heshima yake, akinung'unika kwamba mtu hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano kwa kelele za wapumbavu wawili. Hakujua kwamba alikuwa akinung'unikia baraka.

Mwaka wa Uhuru ukafika. Kamati ya sherehe ilitangaza kwamba ngoma zote zitakaribishwa uwanjani Korogwe siku ya kupandisha bendera mpya, na kwamba chama kimoja cha beni ndicho kitakachotangulia mbele ya wageni. Kitakachoonekana bora katika majaribio ndicho kitakachoongoza. Walidhani wanachochea bidii.

Watu wa Mzinga walisema: nchi hii ni yetu, mababu zetu wamezikwa hapa, Uhuru ukija unakuja kwa wenyewe. Wa Manowari walisema: ni nani aliyekuwa akigoma mashambani na kupigwa virungu, wakati hao wenyewe wanapalilia mihogo? Uhuru umepita mgongoni kwetu. Uhuru ulikuwa mmoja na uliwatosha wote, lakini kila upande ulitaka kuuvaa kama koti lililopimwa mwilini mwake peke yake. Na fundi wa makoti alikuwa Muhidini.

Manowari walitaka tepe za dhahabu mabegani. Mzinga walipozisikia walitaka tepe na vifungo vya shaba. Manowari wakarudi: vifungo safu mbili. Kisha wakaunda meli ya mbao na turubai, ya kukokotwa kwa magurudumu ya toroli. Mzinga wakapata bomba kubwa la chuma lililotupwa na kiwanda, wakalipaka rangi nyeusi na kulipandisha juu ya mkokoteni. Wakaona hawatoshi, wakaita ndugu zao wa Handeni. Manowari nao wakaita kambi ya Mazinde. Watu wa Vugiri, huko juu milimani, hawakuwa na ugomvi na yeyote, ila mpiga ngoma wao mmoja aliwahi kuazimwa na Mzinga, basi nao wakaapa kuteremka. Kila aliyeahidi aliogopa kuonekana si mwanamume wa ahadi yake, na kwa njia hiyo jambo la mitaa miwili likawa la wilaya nzima.

Muhidini alishona. Aliamka na cherehani, akalala nayo, na tusimwonee: alifurahi. Fundi gani hapendi kazi? Aliona jambo moja tu lililomsumbua kidogo. Vijana wa Mzinga walipokuja kujaribu sare walikuwa na bunduki mpya, nzito, za mpingo. Aliwauliza mlingoti wa mkonge umewakosea nini. Walisema mpingo hung'aa vizuri juani. Wiki iliyofuata vijana wa Manowari nao walikuwa na za mpingo.

Halafu, Jumapili moja, Athuman aliingia uani kwa mkwewe, akamwamkia mzee, akamgeukia Mhina na kusema, "Hujambo, ndugu Kaptini."

"Sijambo, ndugu Jenerali. Karibu kiti."

Wakanywa chai. Wakaulizana habari za mvua. Athuman alishukuru, akaaga, akaenda zake. Mzee alitunga uzi wake kwa mara ya kwanza bila kuukosa, akatabasamu. Jioni, akirudi kutoka msikitini, aliwaambia majirani kuwa wale mabwege wake wawili hatimaye wamepata adabu.

Aliyekuja kumharibia furaha hiyo ni Zamda. Alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza kukaa, na alitembea toka kambini mpaka dukani kwa miguu iliyovimba. Alikaa juu ya gunia la vitambaa, akavua kandambili, akamwomba baba yake asishone tena kwa upande wowote mpaka sherehe ipite.

Muhidini alimwuliza watu watavaa nini.

"Wavae walizonazo. Baba, hawatukanani tena."

"Wamekua."

"Hawajakua. Mume wangu akija nyumbani haniiti tena mla panya. Ananiita mama Fulani, kwa sauti ya mgeni. Jana nilimtania kuwa meli yake itazama kwenye tope la Pangani, akaniuliza nani amenituma."

Muhidini alisema mimba humfanya mwanamke akuze mambo. Alimnunulia soda, akamtafutia mtu wa kumpeleka na baiskeli. Aliona amefanya ya baba mwema.

Zikabaki bendera. Kila chama kilitaka yake ya kutangulia mbele, na wote walitaka kitambaa chekundu kile kile kizuri kilichokuwa dukani kwa Mhindi, ambacho kilibaki jora moja. Mzinga walileta vipimo kwanza, naye akakata vipimo vyao. Alipofika kwenye ya Manowari, kitambaa kilipungua shubiri moja. Alifikiri kuunga kipande, lakini mshono ungeonekana, na yeye hakuwa fundi wa viraka. Akaikunja pindo vizuri, akaiacha ilivyo. Shubiri moja ni nini juu ya mlingoti?

Athuman alikuja mwenyewe kuichukua. Aliitandaza juu ya meza, akaipima kwa mkono wake. Alijua vipimo vya Mzinga, kama kila mtu alivyovijua. Muhidini alimtazama na kungoja. Kwa kweli alijikuta anangoja. Miaka yote, katika jambo kama hilo, yule kijana angemgeukia Mhina popote alipo na kupiga kelele kwamba Mzigua kazidiwa na njaa mpaka ameila bendera ya watu, na habari ingechekewa mpaka mwaka wa pili. Athuman aliikunja bendera taratibu, pembe kwa pembe.

"Ahsante, baba," alisema. "Tumeelewa."

Neno hilo lilimwingia Muhidini katika lile bega bovu. Aliona mbele yake meza nyingine, na mabwana wawili wanaovuliana kofia na kushukuriana kwa chumvi, na bendera mbili alizozishona kwa mkono wake. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Huenda. Lakini alichokiona yeye, mara mbili katika maisha yake, ni kwamba usaha ulianza kujaa siku mzaha ulipokoma. Alikuwa amekijua kitu hicho tangu ujana, kiko mwilini mwake, na bado kilipokuja tena amekipokea kwa tabasamu na kukiita adabu. Aliogopa. Aliogopa kama hakuwahi kuogopa hata alipokuwa chini ya masanduku, kwa sababu safari hii waliokuwa njiani ni mtoto wake na baba wa mjukuu wake.

Alifunga cherehani mchana kweupe, jambo ambalo Mhindi hakuwahi kuliona, akaenda Kwamndolwa kumtafuta Mhina. Alimkuta akisugua mpingo wake kwa mafuta ya nazi. Alimweleza kosa la kitambaa, akamwomba amletee bendera ya Mzinga aipunguze shubiri moja, dakika moja tu, hakuna atakayejua.

Mhina alimsikiliza kwa heshima zote. "Baba, bendera haipunguzwi," alisema. "Leo tukipunguza shubiri, kesho watataka tupunguze nini?"

"Kesho watakuwa shemeji zako, kama leo."

"Mimi sina neno na shemeji. Lakini sasa si mimi. Watu wa Handeni wamekwisha fika, wa Vugiri wako njiani. Nitawaambia nini? Nimeogopa?"

Mzee alibembeleza, akafoka, akamtaja marehemu Mwinshehe. Mhina alikuwa amelisikia jina hilo tangu utotoni, nalo halikumtisha. Alisema hii ni ngoma, si vita. Na hilo, jamani, ndilo lililomuuma Muhidini kuliko yote, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akilisema kwa miaka arobaini.

Siku ya majaribio, alasiri, vyama vyote viwili viliondoka kwenda uwanjani. Njia ya kufika huko ilipita katikati ya mkonge, nyembamba, inatosha toroli moja. Manowari walitoka upande wa kambi na meli yao. Mzinga waliingia toka upande wa mto na bomba lao. Wakakutana hapo kati, penye mchepuko mwembamba wa kwenda uwanjani, na mkonge kushoto na kulia umesimama na miiba yake, hakuna pa kupenya. Mmoja alipaswa kurudi nyuma ili mwingine apite. Tarumbeta zilinyamaza. Mhina alisimama chini ya bendera kubwa, Athuman chini ya ndogo, wakapigiana saluti. Kila mmoja, kwa adabu, alimwomba mwenzake ampishe. Nyuma yao watu wa Mazinde, wa Handeni na wa Vugiri, ambao hawakuwa wakiona mbele kuna nini, walisukuma.

Muhidini alikuwa amewafuata kwa nyuma, akapenya mbio kati ya watu mpaka akatokea pale katikati, kofia imeanguka. Hakuwa na silaha wala cheo. Alikuwa na kitu kimoja tu, nacho hakikuwa chake kukitumia. Alimgeukia mkwewe, mtu ambaye mila ilimkataza hata kumwangalia usoni kwa muda mrefu, akamtukana.

"Wewe Mnyamwezi!" alipaza sauti. "Umeyatoa wapi magurudumu? Meli tangu lini ikabebwa? Ama umeona kila kitu duniani ni mzigo?"

Alitazama nyuso, moja baada ya moja, akimtafuta mtu mmoja tu wa kucheka. Angecheka mmoja, wawili wangefuata. Angecheka Athuman, wangecheka wote. Waliomsikia waliinamisha macho kwa aibu ya kuona mzee mzima amevunja heshima yake hadharani.

"Shikamoo, baba," Athuman alisema. "Tafadhali utoke njiani, usije ukaumia."

Jiwe la kwanza halikujulikana limetoka wapi. Waliokuwa nyuma walisema limetoka mbele, waliokuwa mbele walisema limetoka nyuma. Lilimpata mpiga tarumbeta mdomoni, damu ikaonekana juu ya vifungo vya shaba, na hapo kila mtu akakumbuka ameshika mpingo. Muhidini aliangushwa juu ya mkonge, miiba ikamwingia ubavuni, akasikia mbao zikigonga vichwa. Haikuchukua muda. Watu walipoona walichofanya walitupa bunduki zao na kukimbia kila mmoja kwao, meli ikabaki imelala ubavu njiani. Mhina alikuwa chini karibu na gurudumu, macho wazi, sare haijachanika hata mshono mmoja. Wachache waliobaki walimpeleka hospitali kwa mkokoteni uleule uliobeba bomba. Alikufa kabla ya magharibi.

Mzigua akifa, watani zake huja. Mnyamwezi huingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Huvaa nguo za marehemu, huigiza alivyokuwa akitembea, na wafiwa hucheka huku wanalia, kilio kikapata pa kupumulia. Kazi hiyo, kwa Mhina, ilikuwa ya Athuman. Athuman alikuwa mahabusu. Wanyamwezi wengine wa kambini walijifungia ndani. Mhina alizikwa kwa dua na ukimya, na watu walirudi nyumbani na kilio chao kimewakwama kooni.

Siku chache baadaye bendera mpya ilipandishwa Korogwe, na hakuna beni iliyocheza. Muhidini alisikia shangwe akiwa uani kwake. Alikuwa ameungoja Uhuru maisha yake yote, tangu Mjerumani, na ulipofika alijilaza akageukia ukuta.

Mahakamani kila shahidi alisema kweli, yaani kwamba hakuona. Haikujulikana ni mkono wa nani. Viongozi wa pande zote walifungwa kwa kuongoza fujo, Athuman miongoni mwao. Zamda alijifungua mtoto wa kiume nyumbani kwa baba yake, akamwita Mhina. Muhidini aliendelea kushona, lakini nguo yenye kishikizo begani hakuigusa tena, iwe ya askari, iwe ya skauti, na aliyemlazimisha alirudishiwa kitambaa chake.

Athuman alipotoka, Zamda alimrudia. Watu walisema mengi. Yeye alisema ana mtoto wa kulea. Kila sikukuu Athuman alifika mlangoni kwa mkwewe, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasimama kidogo na kuondoka. Kati ya watu hao wawili hapakuwa na neno jingine kwa miaka na miaka. Mzee hakumchukia. Alikuwa ameshapima kosa lote, akaona kuna shubiri yake mwenyewe ndani yake, na mtu akijua hivyo hana la kumfokea mwenzake. Lakini kila aliposikia heshima ile mlangoni, nywele zilimsimama.

Ikaja operesheni ya vijiji. Amri ilitoka kwamba watu wa mtaa wao na wale wa kambini ambao hawana kazi tena wahamie pamoja katika kijiji cha ujamaa upande wa Handeni. Wazigua na Wanyamwezi, Waislamu na Wakristo, wakagawiwa viwanja kwa kufuatana, bila kuulizwa nani alicheza ngoma gani. Lori lilipofika kuchukua vitu vya Muhidini, mzee, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alisema hapandi mpaka amuage mwanawe. Dereva alilalamika kuhusu muda. Athuman, aliyekuja kusaidia kupakia, alijitwika cherehani ya mzee kichwani, akaanza kumfuata kuelekea makaburini, kana kwamba alisahau kuitua.

Kaburi lilikuwa limeota majani. Muhidini aliomba dua, akapangusa uso. Nyuma yake aliisikia cherehani ikitua chini. Athuman alisogea mpaka kichwani pa kaburi, mvi zimemwanza, mikono inaning'inia. Alifungua mdomo mara moja, ukafunga. Alifungua tena.

"Mzigua mvivu wewe," alisema, kwa sauti iliyokwaruza. "Nchi nzima inahama, wewe umelala tu. Na baba yako, na cherehani yake, na njaa yenu yote, nani anawabebea? Si Mnyamwezi?"

Muhidini alicheka. Kilimtoka kabla hajajua, kicheko cha mzee asiye na meno, kikamkunja juu ya fimbo yake, kikageuka kikohozi, kisha kikageuka kilio, kile ambacho kilikuwa kimemkwama tangu siku ya mazishi. Athuman alikuwa amepiga magoti kwenye majani, analia naye, paji la uso liko kwenye udongo. Kule barabarani lori lilipiga honi.

Mzee alipopata pumzi alimgusa mkwewe begani.

"Maneno hayo, mwanangu," alisema, "ungemwambia siku ile njiani."

Athuman alipangusa udongo usoni. Alisimama, akajitwika cherehani, wakaenda.